Kipara na jua kali: kofia ya pama, kapelo au losheni?

MzeeWaShamba: Wanajukwaa, salaam. Nywele za utosini zimenitoka kiasi kwamba nimeamua kunyoa kichwa chote kwa wembe, na kuanzia mwezi ujao nitakuwa nikishinda nje kutwa. Fedha niliyotenga inatosha kununua ama kofia nzuri ya pama ama losheni ya kukinga mionzi ya jua, si vyote viwili. Ninunue kipi?

Nuru_Moshi: Ndugu, hujasema uko mkoa gani, unafanya kazi gani, wala ngozi yako ikoje. Mwenye ualbino anahitaji vyote viwili bila mjadala, na kwake ningesema aulizie kwanza Kilisun, losheni inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC hapa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Kapelo_Daima: Mimi natetea kapelo. Haipeperuki ovyo na hufuliwa kila jioni bila kuharibika.

Dada_Sia: Kapelo inafunika utosi na kutia kivuli usoni, lakini masikio na shingo vinabaki juani, na ile yenye wavu nyuma haisaidii hata kisogo. Nunua pama yenye ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi pande zote. Iinue kuelekea kwenye mwanga kabla ya kulipa, kwa sababu ukiona vitundu, mionzi nayo itapita humo.

MzeeWaShamba: Niko Njombe, nasimamia wachuma chai, na ngozi yangu ni nyeusi. Je, jua la huku, pamoja na baridi na mawingu yote haya, si pole kuliko la Dar es Salaam?

Mwl_Fizikia: Si pole hata kidogo, mkuu. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, haipimwi kwa joto la hewa. Huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo, kwa hiyo jihadhari hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Kapelo_Daima: Babu zetu walilima vichwa wazi, na ngozi nyeusi ina kinga yake.

Dada_Sia: Kinga ipo, ndugu yangu, ila haitoshi kwa mtu anayeshinda juani kutwa bila unywele hata mmoja.

Fundi_Bati: Naezeka mabati Dodoma, ambako jua hukupiga kutoka juu na kurudishwa na bati kutoka chini. Nilinunua sokoni losheni iliyoandikwa SPF 100 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua), bila jina la kiwanda wala tarehe ya mwisho ya matumizi, na chupa zenyewe zilikuwa zimepangwa juani mbele ya duka. Jasho liliiteremsha machoni hadi nikashindwa kuona misumari, ikabidi nishuke kwenye ngazi kwa kupapasa. Jioni utosi ulikuwa unawaka moto, na baadaye ngozi ikabanduka vipande vipande. Muuzaji alikataa kurudisha fedha. Tangu hapo siamini losheni yoyote.

Nuru_Moshi: Pole sana, lakini hiyo ni hoja dhidi ya bidhaa isiyo na chimbuko, si dhidi ya losheni zote. SPF 30 halisi huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza na SPF 50 asilimia 98, mradi upake ya kutosha na kurudia kila baada ya saa mbili.

Fundi_Bati: Kurudia kila saa mbili kwa mtu wa kazi za nje ni chupa ngapi kwa mwezi, dada?

Neema_wa_Tanga: Mbona hamtaji mafuta ya nazi? Hulainisha kichwa baada ya wembe.

Nuru_Moshi: Kulainisha ni kweli. Kukinga jua, kinga yake ni ndogo mno kutegemewa shambani.

MzeeWaShamba: Naelekea kwenye pama, ila upepo wa huku ni mkali. Kuna aliyewahi kuona Njombe mjini pama yenye kamba ya kidevuni?

Kapelo_Daima: Ndiyo maana nilisema kapelo.

Dada_Sia: Mkuu, peleka yoyote kwa fundi cherehani aishonee kamba. Kisha tuambie kama una doa lolote gumu utosini lisilopona, kwa sababu hilo ni la kumwonyesha daktari wa ngozi kabla ya kununua chochote.