Njia yetu iitweje? (Kikundi: Majirani Mtaroni)

Mjumbe: Majirani, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Ndiyo natoka ofisi ya serikali ya mtaa. Vibao vya anwani vinakuja. Hii njia yetu, kuanzia kwa fundi cherehani mpaka mtaroni, haina jina kwenye daftari lao. Tumepewa hadi Ijumaa tupeleke jina MOJA. Leteni mapendekezo.

Dula Boda: Jina si lipo? Kwa Mbwa Mkali

Baba Kelvin: Dula, nakuheshimu

Dula Boda: Baba Kelvin mimi nasema ninachokisikia. Abiria akinipigia anasema nifuate Kwa Mbwa Mkali. Hakuna jina lingine

Baba Kelvin: Yule mbwa alishakufa zamani. Na hakuwahi kumng'ata mtu

Mama Nasra: Alinirarulia dera langu jipya 😂😂

Mjumbe: Jamani. Jina la heshima. Mimi napendekeza Mtaa wa Amani.

Neema: Mjumbe shikamoo. Mitaa ya Amani mjini hapa ni mingi mno, mizigo yetu yote itaishia kwa wenzetu

Baba Kelvin: Basi tuchukue jina la kihistoria. Dar ilianzishwa na Wajerumani, hatukosi mmoja aliyefanya jambo la maana

Mwalimu: 🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

Mama Nasra: Mwalimu shikamoo. Niko kwenye daladala, sisikii kitu. Tuandikie tafadhali

Mwalimu: Marahaba. Haya, naandika, ila msinikate katikati.
Baba Kelvin, Wajerumani waliukuta mji. Sayyid Majid wa Zanzibar ndiye aliyeanza kujenga hapa katikati ya miaka ya 1860. Mwaka 1867 akawafanyia karamu kubwa mabalozi wa nchi za nje waje waone mji wake mpya. Nyumba ya wageni aliyoijenga ipo hadi leo pale Sokoine Drive, ndiyo hiyo Old Boma. Ukipita simama uiangalie: kuta nene za mawe ya matumbawe, mlango wa mbao wa nakshi. Majid akafariki 1870. Ndugu yake Barghash aliyerithi kiti hakuwa na habari na mji huu, majengo yakaota majani. Wajerumani wameingia 1887, na makao makuu wameyahamisha kutoka Bagamoyo 1891. Kwa hiyo walihamia, hawakuanzisha.

Baba Kelvin: Sawa Mwalimu, nimekaa chini

Bi Mkubwa: Huyu ni mjukuu anaandika, bibi anasema hivi: Na huyo Majid naye alikuta watu. Palikuwa Mzizima.

Bi Mkubwa: Bibi anaendelea. Mzizima ilikuwa upande ule wa Ikulu na Ocean Road, watu wavuvi na wakulima. Walikuwepo Washomvi na sisi Wazaramo. Wazee wetu wakitusimulia kuwa Washomvi walisumbuliwa sana na Wakamba, wakamwita kiongozi wetu Pazi Kilama atoke huko bara aje awasaidie. Akaja akawafukuza Wakamba. Tangu hapo Washomvi wakawa wanamtolea ada Pazi na watu wake. Kwa hiyo mkitaka kujua mwenye mji, mnajua pa kuja kubisha hodi.

Baba Kelvin: Watani bwana! Mji wenu, lakini mizigo yote kuiteremsha pwani tuliibeba sisi Wanyamwezi

Bi Mkubwa: Bibi anasema ndiyo maana mlipewa mtaa mmoja Kariakoo, mshukuru

Mama Nasra: 🤣🤣🤣 Mtaa wa Nyamwezi huo

Neema: Mwalimu, na lile jina la Dar es Salaam lenyewe? Shuleni tuliambiwa ni Bandari ya Salama

Mwalimu: Wengine wanasema Bandar as-Salaam, wengine Dar as-Salaam, yaani nyumba ya amani. Majid alitaka jina la kuwavutia wafanyabiashara, na yote mawili yanavutia. Hapo usipoteze muda, Neema.
Kwenye majina ya Kijerumani ndiko kwenye mambo. Waliyamwaga nchi nzima. Lushoto waliiita Wilhelmstal. Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg. Kasanga kule Ziwa Tanganyika ilikuwa Bismarckburg, na Liuli ya Ziwa Nyasa wakaiita Sphinxhafen. Nani leo anapanda basi la Wilhelmstal?

Dula Boda: Konda atashindwa kuita abiria hapo

Mwalimu: Hapa mjini ile barabara ya Samora waliiita Unter den Akazien. Waingereza wakaitafsiri tu, Acacia Avenue. Tulipopata uhuru ikawa Independence Avenue, kisha ndiyo Samora. Barabara moja majina manne, na lami inapita palepale.

Mjumbe: Mwalimu tunashukuru sana, lakini Ijumaa inakaribia

Mama Nasra: Mjumbe mwache amalize. Mwalimu, na Kariakoo? Mimi duka langu lipo Narung'ombe, nasikia tu eti ni Kizungu

Mwalimu: Mama Nasra, hapo umenigusa.
Wajerumani walipolipima eneo lile mwishoni mwa utawala wao, walitaka wakazi Waafrika wakae huko, mbali na nyumba za Wazungu. Vita Kuu ya Kwanza ikawakuta hawajamaliza. Waingereza wakauteka mji Septemba 1916, na pale wakaweka kambi ya wapagazi wao, yaani wabeba mizigo wa jeshi. Kikosi chenyewe kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka walivyoweza, ikawa Kariakoo. Nairobi walikuwa na kambi kama hiyo, na hadi leo kuna Kariokor yao.
Hakuna serikali iliyokaa kikao ikaamua paitwe Kariakoo.

Neema: Kumbe Kariokor na Kariakoo ni kitu kimoja 😳

Mwalimu: Subiri. Mama Nasra, kwenye vifurushi vya wateja wa mikoani unaandikaje?

Mama Nasra: Naandika Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na namba ya simu. Kila siku. Mkono umeshazoea

Mwalimu: Narung'ombe ni mahali kusini ya Kilwa. Waingereza na Wajerumani walipigana hapo Julai 1917. Sasa Tandamti, hapo pembeni mwa soko, jina lake kamili Tandamuti, ni kilima njia ya kutoka Lindi. Walipigana hapo Agosti 1917. Mtaa wa Mahiwa je? Mahiwa ni hukohuko Lindi. Oktoba 1917 walipigana siku nne, na upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000. Hiyo ndiyo moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita vile katika Afrika Mashariki.
Majina matatu ya vita vya mwaka mmoja, yote yameangukia mitaa iliyozunguka kambi ya wapagazi. Hiyo haiwezi kuwa bahati nasibu.

Mama Nasra: Subhanallah

Mama Nasra: Miaka yote hiyo naandika jina la uwanja wa vita juu ya vitenge

Neema: Mwalimu nimefungua ramani kwenye simu, napita mtaa mmoja mmoja. Kibambawe?

Mwalimu: Vizuri sana! Kibambawe ipo Mto Rufiji. Januari 1917 jeshi lilipigania kuvuka mto hapo. Endelea kutafuta.

Neema: Sikukuu?

Mwalimu: Hiyo ni sikukuu tu 😄

Dula Boda: Mwalimu umetisha. Mimi hiyo mitaa napita nayo kichwani kama sala na sijawahi kuuliza

Baba Kelvin: Hao wapagazi walikuwa wanapigana?

Mwalimu: Hawakuwa na bunduki. Walibeba chakula, risasi, dawa, mashine, hata wagonjwa. Kule kusini hakukuwa na reli wala barabara ya gari, na wanyama wa kubeba waliuawa na mbung'o. Akabaki mtu. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa, wachache kwa risasi. Wengi hawakujiandikisha kwa hiari, walikamatwa vijijini. Lile sanamu la askari pale Samora lililowekwa 1927, maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyesimama juu na bunduki ni askari. Mpagazi yumo kwenye maandishi tu.

Bi Mkubwa: Bibi anasema babu yake mzaa mama alikamatwa kwenda kubeba mizigo. Alirudi, ila hakupenda kuulizwa. Ukimuuliza anainuka anakwenda shambani.

Mama Nasra: Pole sana Bi Mkubwa

Mjumbe: Pole Bi Mkubwa. Kweli hatukujua.

Dula Boda: Mwalimu, na Mwananyamala? Sisi tunajua mama alikuwa anambembeleza mtoto anyamaze simba wasisikie

Mwalimu: Hadithi tamu, nami huwasimulia wajukuu. Mahakamani siwezi kuisimamia.
Ila majina ya miti hayana shaka. Mikocheni ni mikoche, Mchikichini ni michikichi, Mwembechai una mwembe wake. Mnazi Mmoja nao uliachwa wazi makusudi ili Kariakoo itengane na Uhindini. Wakoloni walisema ni kwa ajili ya afya. Afya ya nani, jaza mwenyewe.
Na ipo mitaa iliyobadilishwa kwa sababu nzuri. Kipata sasa ni Mtaa wa Kleist Sykes, mmoja wa waanzilishi wa chama cha African Association mwaka 1929. Baba yake alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji na jeshi la Wajerumani. Huyo naye alikuwa mhamiaji, na mwanawe ana mtaa mjini.

Baba Kelvin: Basi mimi natoa hoja. Mtaa wa Wapagazi. Wanyamwezi tutaafiki wote

Neema: Naunga mkono 👍

Mjumbe: Wapagazi ni zuri, ila kambi ilikuwa Kariakoo, si hapa kwetu. Mtendaji ataniuliza historia yake nitajibu nini?

Mwalimu: Mjumbe ana hoja. Mwenye historia ya hapa ni aliyetangulia kufika. Nani alihamia kwanza?

Mama Nasra: Bi Mkubwa. Sisi wote tumemkuta

Mwalimu: Basi tumuulize yeye palikuwa panaitwaje.

Bi Mkubwa: Bibi anacheka. Anasema alipohamia zilikuwa nyumba mbili tu na mfenesi mmoja mkubwa hapo mtaroni. Watu wa bondeni wakija kuchota maji walikuwa wakisema tunakwenda Mfenesini. Mfenesi ulikatwa wakati wa kuchimba mtaro. Shina lake lilikaa muda mrefu, watoto wakilikalia.

Dula Boda: Mfenesini. Linatamkika hata ukiwa umevaa helmeti

Neema: Mfenesini 👍👍

Baba Kelvin: Mimi nabaki na Wapagazi, lakini sitagombana na mtani wangu

Mama Nasra: Mfenesini. Mwalimu, hayo ya Narung'ombe nimeyanakili, kesho nayasoma mbele ya duka. Wenzangu watasema nimeanza kulewa

Mwalimu: Wakibisha niite. Na waambie wa Tandamti nao wajue wako wapi.

Mjumbe: Hesabu ya kura, kwa waliojibu hapa na walionipigia: Mfenesini 14, Wapagazi 6, Amani 1. Hiyo moja ni mimi mwenyewe. Napeleka Mfenesini kesho asubuhi. Bi Mkubwa, mjukuu akipata nafasi aje na mimi, mtendaji akitaka maelezo awepo wa kueleza.

Bi Mkubwa: Bibi anasema atakuja mwenyewe.

Mjumbe: Karibu sana, nitakupitia saa tatu. Na wale ambao hawajatoa hela ya taka mwezi huu, majina yenu ninayo, na hayo hayahitaji kupigiwa kura.