Ufadhili wa chuo kikuu Kenya: je, mapato ya mwezi ndiyo kipimo cha uhitaji?

Mwanzisha mada: Tangu Mei 2023, serikali ya Kenya hugawa fedha za wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma kwa kuangalia uhitaji wa familia. Mwanafunzi wa kundi la kwanza, ambaye mapato ya kwao hayazidi shilingi 5,995 kwa mwezi, hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na familia hubakiwa na asilimia 5. Wa kundi la tano, la wenye mapato ya juu kabisa, hupata ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa 30, huku mzazi akijitafutia 40. Kozi ikigharimu shilingi 250,000 kwa mwaka, mmoja atadaiwa 12,500 na mwenzake 100,000.

Sipingi mnyonge kuongezewa. Ninachopinga ni swali analoulizwa. Nilikuwa kwenye saiba, duka la intaneti, na binti wa jirani akijaza fomu ya kuomba fedha hizo, na alipofika penye mapato ya mzazi kwa mwezi akampigia baba yake, mkulima wa mahindi anayevuna mara moja kwa mwaka. Mzee akauliza, "Mwezi upi?" Fomu iligoma kuendelea pakiwa wazi, basi binti akaandika 20,000. Mwalimu, kwa upande wake, mshahara wake huonekana wote, hata kama makato ya sacco yamemwachia theluthi moja tu, ambayo sheria inakataza kuguswa.

Mchangiaji: Ndugu, usisahau tulikotoka. Katika utaratibu wa awali, mtoto wa waziri na mtoto wa mama mboga wakisomea kozi moja walitengewa kiasi kilekile, na kwa kuwa serikali haikuwa ikitoa sehemu yake yote, vyuo vikazama katika madeni. Mahakama Kuu iliubatilisha mfumo huu mpya tarehe 20 Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo, na binafsi nilishukuru. Na mwanafunzi aliyewekwa kundi lisilo lake ana nafasi ya kukata rufaa abadilishiwe.

Mwanzisha mada: Wala siutetei utaratibu wa zamani. Nasema tu kwamba chifu na wazee wa mtaa, ambao tayari hutia sahihi fomu za basari, wanajua ni boma gani lina ng'ombe mmoja, jambo ambalo kompyuta ya Nairobi haiwezi kulibahatisha.

Mchangiaji wa pili: Chifu huyohuyo anayetaka "chai" kabla ya kugonga muhuri?

Mwanzisha mada: Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu nikataja wazee pamoja naye, majina yasomwe barazani kila mtu akisikia. Kuhusu rufaa, binti yule aliikata. Chuo hakikusubiri jibu ndipo kidai karo. Baba yake aliuza ndama ili asajiliwe.