Je, wingi wa lugha ni laana ya Babeli?

Mshirika wa Igoma
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Katika usharika wetu hapa Igoma, Mwanza, kwaya ya akina mama imeomba kuimba wimbo mmoja wa Kisukuma kila Jumapili. Baadhi ya wazee wa kanisa wamekataa, wakisema kwamba lugha nyingi ni adhabu ya Babeli, na kwamba kanisa lenye Wasukuma, Wajita, Wakerewe na Wahaya halina budi kushikamana na Kiswahili pekee lisije likagawanyika. Je, Mwanzo 11, ambako Mungu aliwachafulia usemi wajenzi wa mnara wa Babeli na kuwatawanya, inabeba hoja hiyo?

Mwalimu wa Nyegezi
Haibebi, ndugu yangu. Soma kwanza sura ya 10, mstari wa 5, 20 na 31, ambako wana wa Yafethi, Hamu na Shemu wanatajwa kwa jamaa zao, nchi zao na lugha zao, bila neno hata moja la lawama. Watu wa Shinari, ndio hao wajenzi wa mnara, walitaka kujifanyia jina na wakakataa kutawanyika, ilhali Nuhu na wanawe walikwisha kuagizwa kuijaza nchi. Hata siku ya Pentekoste Roho hakuwarudishia watu lugha moja: Waparthi, Wamedi, Waelami, Wakrete na Waarabu, ambao huenda wengi wao wangeweza kuelewana kwa Kiyunani au Kiaramu, walisikia matendo makuu ya Mungu kila mtu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Tena katika Ufunuo 7:9 lugha zingali zinatajwa mbele ya kiti cha enzi.

Mvuvi wa Kirumba
Nakubaliana nawe, Mwalimu, ila si kwa yote. Paulo anauliza katika 1 Wakorintho 14 mtu asiyeelewa ataitikaje Amina. Najua alikuwa akizungumzia karama ya lugha, lakini Mjita aliyeketi pale naye ana haki ya kuelezwa maana kabla wimbo haujaanza. Ama dai kwamba lugha moja huleta umoja, Waamuzi 12 inatosha: Wagileadi na Waefraimu walikuwa Waisraeli waliotofautiana kwa matamshi tu, na bado Waefraimu 42,000 waliuawa vivukoni mwa Yordani.

Mama wa Huduma
Baba zangu, mbona hakuna aliyefika Matendo 6? Kanisa la Yerusalemu lilikuwa limejaa Roho, na bado wajane wa upande wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaagiza wajane hao wajifunze Kiebrania, bali walitaka wachaguliwe wanaume saba, na wote saba walikuwa na majina ya Kiyunani, mmoja wao akiwa Nikolao, mwongofu wa Antiokia. Kwetu tangazo la mgao wa mahindi lilisomwa mbiombio kwa Kiswahili baada ya sadaka. Bibi zetu waliokuja kutoka vijiji vya Magu kuishi na watoto wao, ambao wanasikia Kisukuma tu, waliondoka bila kujiandikisha, na siku ya mgao majina yao hayakuwamo daftarini. Waulize wazee wako kuhusu daftari kabla ya kuwauliza kuhusu wimbo.

Mshirika wa Igoma
Ahsante sana, Mama. Kwetu pia matangazo husomwa kwa Kiswahili peke yake, na mwenye daftari hajui Kisukuma. Baraza la wazee linakaa Jumamosi. Nitaomba matangazo yasomwe kwa lugha zote mbili na mama mmoja wa kwaya asaidie kuandikisha, kisha ndipo tuje kwenye wimbo.