Mnavu unaojiotea: tupeane uzoefu

Mwanamboga: Leo napalilia, nikajikuta nang'oa mnavu na kuutupa pamoja na magugu mengine. Mkono ukasita. Huu si ndio uliotulea? Haupandwi wala haumwagiliwi, mvua ikishuka tu huo hapo. Wenye kumbukumbu zake, nzuri na mbaya, karibuni.

Kibarua: Mimi nauchuma kabla haujachanua. Ukizeeka, uchungu wake si mchezo.

Shangazi Mdogo: Uchungu ndio mnavu wenyewe. Asiyeutaka ale mchicha.

Mzee wa Bustani: Chemsha, mwaga maji ya kwanza, ndipo uunge.

Shangazi Mdogo: Ukimwaga maji umemwaga na vitamini, mzee wangu. Unakula makapi.

Mzee wa Bustani: Mwanangu, tumbo langu nalijua mwenyewe.

Jembe Halichoki: Mnabishania maji, ngoja niwasimulie yaliyonikuta. Mwaka ule mvua zilichelewa, zilipokuja magugu yakaota kwa fujo. Nilichuma mnavu giza likiingia, nakwapua tu kwa kiganja. Kumbe katikati yake kulikuwa na mnanaha, lile gugu la sumu, bado mchanga, haujatoa yale maua meupe marefu wala matunda ya miiba. Mimi nilionja kidogo, nilikuwa nimeshiba. Mama alikula vizuri.

Haikupita saa akaanza kulalamika koo limekauka. Anakunywa maji, mdomo bado mkavu. Mwili wa moto, mboni za macho zimetanuka, taa inamuumiza. Kisha akaanza kuchuma hewani. Vidole viwili vinabana kitu kisichokuwepo, anakiweka mapajani, anarudi kuchuma kingine, huku ananiagiza nimletee ungo. Nilipomwita, akaniitikia kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Hapo miguu iliniisha nguvu.

Tukamkimbiza hospitali usiku uleule. Nilikuwa nimebeba sufuria yenye mabaki. Daktari akapekua, akainua jani pana lenye kingo za menomeno, akaniuliza, "Na hili ni mnavu?" Sikuwa na la kujibu. Akili ilimrudia sawasawa siku ya pili.

Kibarua: Pole sana ndugu yangu. Mama anaendeleaje?

Jembe Halichoki: Mzima, namshukuru Mungu. Mimi sasa nachuma mchana tu. Mnanaha ukiusugua kiganjani unatoa harufu nzito, mbaya. Jani nikilitilia shaka, nalitupa.

Chipukizi: Mwili umenisisimka. Mboga za kuokota basi tena.

Shangazi Mdogo: Usiusingizie mnavu! Kosa ni la mkono uliochuma gizani, na mwenyewe amekiri. Mnavu ni ndugu wa nyanya na biringanya, kiua chake ni kidogo, cheupe, kitovu cha njano. Ujue mmea wako, ndipo uule.

Chipukizi: Sawa shangazi. Na matunda je? Utotoni tuliyala mpaka ulimi ukawa wa zambarau.

Mzee wa Bustani: Yalikuwa yameiva hayo. Mabichi ya kijani yana sumu, na kuyachemsha hakuiondoi. Watoto wakatazwe.

Kibarua: Na msichume palipopuliziwa dawa ya magugu, hata kama majani yanang'aa.

Chipukizi: Kuna kale kanakotambaa, shina jekundu, majani manene laini. Nako kanaliwa?

Shangazi Mdogo: Tako la hasani hilo, linaliwa, lina uchachu mtamu. Ila vunja shina kwanza. Likitoa maziwa meupe, silo, acha.

Mwanamboga: Nimerudi kuuokota niliotupa. Nauchambua jani kwa jani, jua bado liko juu.