Madini ya fedha au chuma kwa kusafisha maji ya batiki? Nipo Mtwara

Binti_Chuno: Shikamooni wakubwa. Kikundi chetu kimechanga hela, na wiki ijayo mwenzetu anakwenda Dar. Tunataka kutengeneza chembe za nano (vipande vidogo mno vya madini, havionekani kwa macho) kwa majani ya mkorosho, tusafishe maji ya rangi kabla ya kuyamwaga. Aninunulie naitreti ya fedha au kloraidi ya chuma, yaani chumvi za madini hayo?

Mzee_Maabara: Marahaba. Rangi gani? Ndoo ngapi kwa siku? Hujasema.

Fundi_Lindi: Chuma! Chemsha majani, chuja, mimina kloraidi ya chuma. Ikigeuka nyeusi tii, tayari. Bei yake nafuu mno kuliko fedha.

Mzee_Maabara: Fundi, weusi peke yake si ushahidi. Tanini, ule ukakasi wa majani, ikikutana na chuma hutoa wino, ndivyo wino wa zamani ulivyopikwa.

Mama_Shangani: Mwanangu, fedha ilinitoa machozi. Nilichemsha mwarobaini, nikachuja kwa kipande cha kanga, fedha nikaiyeyusha kwa maji ya kisima chetu, na kisima chenyewe kina munyu. Papo hapo ikawa nyeupe kama tui, nami nikashangilia. Kumbe fedha imeshikana na chumvi, imeganda, ikatua chini ya jagi. Inayofaulu huanza njano, kisha kahawia. Hela yote ilizama pale, na vidole vilikaa vyeusi wiki nzima. Maji yawe yaliyokenekwa, yale ya mvuke uliopozwa, basi.

Mzee_Maabara: Mama kasema kweli. Tena fedha ni kichocheo tu, huharakisha kazi; maabara huongeza borohaidraidi, kemikali inayoiondoa rangi. Na methilini bluu, rangi ya majaribio ya maabara, ikishapoteza rangi, tikisa chupa: mara nyingi hewa huirudishia ubluu. Rangi ilikuwa bado imo.

Binti_Chuno: Samahani wazee wangu. Rangi ni zile za unga, tunachanganya na kostiki (magadi makali) na haidrosalfaiti (unga wa kuyeyushia rangi). Ndoo sita za lita 20.

Mzee_Maabara: Ungeanza na hilo! Rangi hizo zikipigwa na hewa haziyeyuki tena. Weka maji kwenye pipa wazi, koroga, yatulie, chuja kwa mchanga. Siki ya kupunguza ukali wa kostiki usiimimine mapema: haidrosalfaiti ikikutana na asidi hutoa hewa inayokaba koo. Kitakachobaki ndicho cha kujaribia chuma na peroksaidi, baada ya kupunguza ukali wa kostiki, maana kazi hiyo inataka uchachu.

Mkulima_Newala: Majani msichume sasa, tumepuliza salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Salfa na fedha haziivi chungu kimoja.

Fundi_Lindi: Salfa si inaoshwa?

Mkulima_Newala: Mjomba, ya unga haiyeyuki majini. Jani hulisugui kwa kidole ukabaki na njano kwenye kucha? Chumeni majani ya mti usiopulizwa.

Fundi_Lindi: Huku kwetu wengi wanapuliza dawa ya maji, si salfa ya unga.

Mkulima_Newala: Ya maji nayo si ya kuaminika kwa kazi hiyo, baadhi ya dawa hizo huingia ndani ya jani.

Binti_Chuno: Pipa moja nimelijaza jioni hii, nimeliacha wazi uani. Na majani ya mwembe je? Wetu haujawahi kupulizwa.