Forester, X-Trail au Harrier ya 4WD yenye CVT: ipi itavumilia Mtwara–Newala?

Mwana Kitangari
Wakuu, habari za jioni. Hela ya korosho imetulia kidogo na nimechoka kubanana kwenye Noah. Nataka gari iliyoinuka, 4WD, otomatiki, mwaka 2013 kupanda juu. Nimebaki na tatu: Subaru Forester SJ5, Nissan X-Trail T32 na Toyota Harrier ya 4WD. Zote nimeambiwa giaboksi ni CVT, na hapo ndipo usingizi unapokata. Jirani yangu anasema CVT na barabara zetu haviivi chungu kimoja. Aliyeishi nayo, siyo aliyesimuliwa, anipe mwongozo. Nataka kulipia wiki ijayo.

Babu wa Naliendele
Bajeti hujasema. Unaagiza Japan au unachukua iliyo mkononi mwa mtu? Kitangari unaishi kweli au ni jina tu? Kwa wiki unatembea umbali gani, na unabeba nini? Bila hayo tutakupigia ramli.

Toyota Damu
Harrier. Funga uzi.

Mlindi wa Ng'apa
Nimeweka jamvi, ngoja wajuzi waje.

Fundi Gia
Mleta mada, kwanza ujue unanunua nini. CVT haina gia za kupanda moja, mbili, tatu. Ndani kuna puli mbili, kila puli ni koni mbili zinazosogeleana na kuachana, na katikati unapita mkanda wa chuma (kwa Subaru ni cheni). Presha ya oili ndiyo inayozibana puli zishike mkanda. Mwenye mashine ya kusaga ananielewa: mkanda ukilegea unateleza, unanuka, unga hautoki. Tofauti ni kwamba huku ukiteleza unachuna puli, na vumbi la chuma linazunguka na oili mpaka linafika kwenye valvu bodi, ile inayoielekeza oili. Hapo hakuna tena mjadala wa kutengeneza, ni kutafuta giaboksi nyingine.

Kwa hiyo maadui ni wawili, oili isiyo yake na joto. X-Trail T32 inakunywa NS-3. T31, ile ya nyuma yake, NS-2. Harrier inatumia CVT Fluid FE ya Toyota. Subaru ana ya kwake ya Lineartronic. Usikubali kopo lililoandikwa ATF (oili ya otomatiki za kawaida) hata kama fundi ni shemeji yako. Mimi nashauri kumwaga kila kilomita elfu arobaini hivi, na wewe wa vumbi na milima uwahi zaidi.

Toyota Damu
Maelezo yote hayo ya nini wakati Toyota zipo? Chukua Vanguard basi, ile siyo CVT, utasahau haya mateso.

Fundi Gia
Vanguard ya 2.4 ni CVT, mkuu. Ya V6 3.5 ndiyo yenye gia tano za kawaida, na hiyo kwa mafuta utalia.

Toyota Damu
Ninayo nyumbani, naiendesha kila siku. Siyo CVT.

Fundi Gia
Ina cc ngapi?

Dada Shangani
Wakati mnabishana nijibu aliyeuliza. Shikamoo Babu wa Naliendele, na wengine salamu. Mimi natumia Forester SJ5, nakaa Mtwara mjini. Msimbati naenda sana kwa sababu ya ndugu, na mnaoijua ile njia mnajua mchanga wake unavyovuta tairi. Kabla sijaingia napunguza upepo tairi zote nne, nabonyeza X-Mode, ya njia mbovu (siyo Forester zote zinacho kitufe hicho, angalia picha za ndani kabla hujalipa), halafu natembea taratibu bila kusimama. Mguu unautuliza. Injini itapiga kelele moja ndefu na gari inasogea polepole. Mara ya kwanza nilidhani kuna kitu kimekatika, kumbe CVT ndivyo inavyolia, haikupi ile hisia ya gia kubadilika. Ukizoea hata husikii.

Gari haijawahi kunilaza njiani. Ila tairi! Hii ni 4WD ya muda wote, miguu yote inazungushwa. Ukipata pancha kubwa ukafunga tairi moja mpya na tatu zilizolika, zile hazizunguki sawa, na kitu cha katikati kinachogawa nguvu ndicho kinachoumia. Kwa hiyo nanunua nne kwa mpigo, aina moja. Hiyo ndiyo gharama ambayo muuzaji hakuambii.

Mwana Kitangari
Asante sana dada. Babu, marahaba kwa maswali, hahaha, samahani, shikamoo. Bajeti ni milioni 38, ikinibana sana 40. Kuagiza au ya mkononi vyote sawa. Kitangari ndiko nyumbani, kazi Mtwara mjini, napanda Ijumaa nashuka Jumapili.

Babu wa Naliendele
Marahaba. Kwa hela hiyo Harrier ya 4WD itoe kwenye orodha, ukishalipa ushuru utakuwa umekopa. Na kumbuka gari likivuka miaka minane TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu, likivuka kumi unapanda zaidi, kwa hiyo hiyo 2013 unayoitaja piga kwanza kwenye kikokotoo chao. Zote tatu ziko chini kidogo ya cc 2000, hapo umecheza vizuri.

Njia yako lami ipo mpaka Mnivata, mbele ya hapo kumekuwa na ujenzi na michepuko. Vumbi kiangazi, utelezi mvua zikianza. Swali langu la mwisho hujajibu: unabeba nini?

Kangomba Mstaafu
Nisikilizeni mimi niliyelia. Aina ya gari sitaji, msinilazimishe, ila ni SUV ya Kijapani ya CVT yenye 4WD. Nimeichukua mkononi mwa mtu, safi, ndani inanukia, kilomita chache. Nikaipeleka sevisi kwenye gereji moja, siitaji pia. Nimemwambia fundi mkuu kabisa, hii ni CVT, oili yake hii hapa imeandikwa kwenye kitabu. Akacheka. Akasema, "Bosi, otomatiki ni otomatiki, hizo ni biashara za Wajapani." Nimeondoka kwenda kunywa chai, nimerudi wameshamwaga na kujaza nyekundu ya kwenye dramu.

Wiki ya kwanza kimya. Ya pili nikiwa natoka Mingoyo kwenda Masasi, nimepita Mtama, ikaanza kutetemeka nikiwa spidi ndogo, kama mtu anagonga sakafu kwa ngumi. Nikaongeza mafuta, mshale wa mzunguko unapanda, gari haliongezeki. Ndanda nikapumzika, nikafungua boneti, nikanunua maji, likapoa, likaenda tena. Nikajua limepona. Masasi nikafika. Kesho yake napandisha kwenda Newala, kile kilima cha kuukwea uwanda wenyewe, katikati likagoma. Naweka D, injini inanguruma, gari linarudi nyuma taratibu, nyuma yangu kuna Fuso limejaa magunia. Niliweka jiwe kwenye tairi mimi mwenyewe na suruali yangu ya harusi.

Haikuishia hapo. Lile Fuso likasema litanivuta. Wakafunga kamba, wakanikokota kurudi Masasi matairi yote yako chini yanazunguka. Mwenye 4WD ya namna hii anajua hilo ni kosa la jinai: kule ndani hakuna pampu inayosukuma oili wakati injini imezimwa, vyuma vinasagana vikavu. Giaboksi iliyokuwa inaumwa ikafia njiani. Nikaagiza nyingine kutoka Dar, imetumika, ikaja kwenye buti ya basi, fundi akafunga, ikakataa kwa sababu haikusajiliwa na kompyuta ya gari. Akaitwa mtu mwingine na mashine yake ya kupimia. Jumla nimeacha zaidi ya milioni nne, na yule wa dramu nyekundu nikimpigia hapokei.

Mnyamba
Ilikuwa X-Trail hiyo. Sema tu.

Kangomba Mstaafu
Sisemi.

Mnyamba
Basi Outlander.

Toyota Damu
Suruali ya harusi imenimaliza 😂

Fundi Gia
Pole sana mkuu. Aina ya gari haijalishi, kwa oili ile yoyote ingekufa. Ila na X-Trail tusiifiche: CVT za Nissan za miaka ya nyuma zilikuwa na sifa mbaya kiasi kwamba Marekani kampuni yenyewe iliongeza dhamana ya giaboksi kwa magari ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. T32 imekuja baada ya hapo. Bado ikipata joto sana inajilinda kwa kupunguza nguvu, na hiyo utaiona kwenye kilima kirefu na gari limejaa. Haijafa. Simama, acha injini inazunguka, ipoe.

Mnyamba
Mimi X-Trail ninayo na naipenda. Kitufe cha mduara pale kati kina 2WD, AUTO na LOCK. Lami naweka 2WD naokoa mafuta, tope la Nanyamba naweka LOCK. Ukipita spidi 40 hivi inarudi AUTO yenyewe. Subaru hana hiyo, yeye anakula nne muda wote.

Dada Shangani
Anakula nne na hatelezi. Mvua ya Januari wewe ukiwa unatafuta kitufe mimi nimeshafika.

Mlindi wa Ng'apa
Msidanganyane na 4WD. Mei 2024 ile mvua ya kimbunga Hidaya ilipokata barabara pale Somanga, Prado na IST zote zilipanga foleni moja. Barabara ikiondoka hakuna cha CVT.

Kisiwa Cha Mchanga
Mbona hamumwambii kuhusu CX-5? 4WD ipo, gia sita za kawaida, CVT hakuna, mjadala wote huu unaisha. Miaka hiyohiyo, cc 2000 ipo.

Babu wa Naliendele
Hoja nzuri. Spea zake kusini?

Kisiwa Cha Mchanga
Zinaagizwa Dar, kama za Forester tu. Hapa Mtwara cha haraka ni IST na Noah, tusidanganyane.

Mwana Kitangari
Nimesoma zote, nashukuru. Niongeze kidogo. Siku za kazi gari itabaki na mke wangu, ni mwalimu Tandahimba, hajazoea milima. Na msimu ukifika nitafunga kitela (trela dogo) nivute magunia machache ya korosho mpaka ghala la AMCOS, chama cha ushirika, siyo mbali.

Fundi Gia
Kitela???

Babu wa Naliendele
Nilijua kuna kitu kinafichwa. Nimeuliza mara mbili unabeba nini.

Kangomba Mstaafu
Mkuu, hata sisi kangomba, walanguzi wa korosho, tuna huruma. Magunia yaende na boda wa toyo.

Toyota Damu
Huyo anataka Hilux manyuo, tumepoteza jioni nzima.

Fundi Gia
Ngoja tusimcheke. Mwana Kitangari, kitela kiondoe kabisa kwenye hesabu ya CVT ya cc 2000, hasa kupandisha ukiwa kwenye mchanga. Kuhusu shemeji yetu kuendesha, CVT kwake ni rahisi kuliko zote, ila afundishwe mambo mawili tu. Kwenye foleni ya mlimani asilizuie gari kwa kukanyaga mafuta, akanyage breki. Kushuka asitegemee breki peke yake, aweke L au avute gia kwa mkono, injini imzuie.

Ukienda kukagua ya mkononi: iwashe ikiwa baridi, weka D, kisha R, usubiri. Ikichelewa kushika au ikagutuka, ondoka. Iendeshe mpaka ipate joto kamili, kisha tembea polepole sana kwenye kilima, mtetemo utausikia kwenye kiti. Omba ushahidi wa oili iliyowekwa. Na Subaru haina kijiti cha kupimia oili ya CVT. Inapimwa kwa tundu la ukaguzi, oili ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45. Fundi akikwambia "nimepima kwa kijiti", muulize kijiti kipi.

Dada Shangani
Na tairi! Angalia zote nne ni aina moja. Mwenye gari aliyechanganya tairi kwenye Subaru kuna mengine amechanganya.

Mwana Kitangari
Nimeelewa. Kuna Forester 2014 iko Masasi, mwenyewe anataka 31, naenda kuiona Jumamosi. Anasema oili hajawahi kubadilisha kwa sababu aliambiwa ni ya maisha.

Fundi Gia
Maisha ya nani? Mwambie ashushe bei, halafu nenda na fundi mwenye mashine ya kupimia.

Mnyamba
Njoo uone yangu kwanza, X-Trail, naiuza.

Dada Shangani
Si ulisema unaipenda?

Mnyamba
Naipenda, ila karo za shule Januari.

Kisiwa Cha Mchanga
CX-5 ndugu zangu.

Toyota Damu
Nimetoka nje kuangalia kadi. Ni 2.4. Lakini bado nasema haiendi kama CVT.

Mlindi wa Ng'apa
Samahani kutoka nje ya mada, nina tairi mbili 225/65 R17 zimetumika kidogo, ziko Lindi mjini. Zinaingia kwenye Forester?

Dada Shangani
Forester SJ ni 225/60. Na mbili za nini, kaka?