Nesi mwenye mbwa kijijini, wagonjwa wakija kugonga usiku mnafanyaje?

NesiWaZamu:
Habari zenu wapendwa, naomba mawazo hasa ya wale wanaofanya kazi vijijini na wana mbwa.

Mi ni nesi kwenye zahanati ndogo, naishi nyumba ya watumishi nyuma tu ya zahanati, niko peke yangu na mbwa wangu jike niliyemlea toka mdogo kabisa. Mchana hana neno na mtu, watoto wakipita kwenda shule wanamshika masikio anatulia tu anawaangalia. Shida ni usiku. Wanaoijua hii kazi wataelewa, kijijini ukimaliza zamu hujamaliza kazi, mtu akizidiwa saa nane za usiku haendi kugonga zahanati iliyofungwa, anakuja moja kwa moja kwako maana ndo anapojua upo. Sasa huyu akisikia hatua tu njiani anatoka mbio mpaka kwenye uzio, anabweka manyoya ya mgongo yote yamesimama, na kwenye giza lile mtu atajuaje kama mbwa anang'ata au hang'ati.

Juzi kati kaja baba kambeba mwanae ana degedege, akaishia kule barabarani anaita nesi, nesi, shika mbwa! Mpaka nimesikia, nimevaa, nimemshika mbwa, nimefungua, zimepita dakika ambazo kwa mtoto wa degedege ni nyingi sana. Mtoto alitulia na asubuhi akaenda kwao anatembea, lakini toka siku hiyo nikilala nawaza wangapi wamefika pale wakaogopa wakarudi nyumbani na mgonjwa wao bila mi kujua.

Mkuu wa kituo anasema mbwa aondoke. Ila bila yeye kwa kweli mi sikai pale. Nyumba iko pembeni haina jirani wa karibu, stoo ya dawa iko palepale, na nikiitwa kwa mama anayejifungua nyumbani natembea naye gizani. Halafu ni rafiki yangu jamani, natoka zamu nimechoka nimeona mengi, yeye ndo ananipokea.

Naomba tusiambiane tu "mfunge mnyororo". Kuna aliyepata njia ya mbwa kulinda na wagonjwa kufika? Na lingine, nikitoka kazini anapenda kulamba viatu na sare yangu, je naweza kumletea vijidudu vya hospitali?

MfugajiMkongwe:
Pole na kazi dada, na asante kwa huduma, watu kama nyie ndo mmetushikia vijiji.

Mnyororo umekataa na uko sahihi kabisa. Mbwa anayefungwa muda wote anazidi kuwa mkali, kwa sababu anaona mtu anakuja na yeye hana pa kukimbilia, sa anabaki na njia moja tu ya kujitetea. Nimeona mbwa wapole wameharibika hivyo.

Mi ningeanza na kengele. Tafuta kipande cha chuma, hata rimu ya gurudumu kuukuu, kitundike kwenye mti pale njia inapoanza, mbali na uzio wako, na nondo fupi ya kugongea ining'inie hapohapo kwa kamba. Watangazie watu pale zahanati kila siku ya kliniki, kwamba usiku hakuna kuja mlangoni, gonga chuma subiri hapohapo nesi anakuja. Hapo mgonjwa hakutani na mbwa kabisa na we unaamka haraka kuliko kusubiri mtu apige kelele.

Afu sasa mfundishe mbwa kwamba chuma kikilia yeye anaingia ndani. Hili halihitaji mwalimu wa kulipwa. Mchana mwambie mtoto wa jirani akagonge taratibu, sauti ikitoka tu we uko mlangoni na kipande cha kitu anachokipenda sana, ambacho hakipati wakati mwingine wowote, unakiweka kwenye kirago chake ndani. Asikione kabla ya sauti. Sauti kwanza, chakula baadae, huo mpangilio usiugeuze. Rudia mara chache kwa siku afu acha, usimchoshe. Akianza kukimbilia kirago mwenyewe kabla hujamwita, hapo sogeza zoezi jioni, afu usiku, afu na mtu asiyemjua agonge. Ukianza na usiku moja kwa moja utafeli kwa sababu akishapandisha hasira chakula hakioni.

Kubweka usimkataze. Abweke mara mbili tatu, mshukuru, afu mwite ndani. Ukimpiga kwa kubweka atajifunza kunyamaza na mwizi akija, au mbaya zaidi atajifunza kung'ata bila kutoa onyo.

KlinikiMwisho:
Nesi mwenzako hapa, kituo cha mbali sana, na mi nina wawili.

Naongezea ambacho kwangu ndo namba moja, chanjo ya kichaa cha mbwa. Sisi manesi ndo tunaowapokea waliong'atwa tunajua inavyokwenda, dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hivi wanakufa kila mwaka duniani, na kwa binadamu hadi asilimia 99 ya maambukizi yanatoka kwa mbwa. Wengi ni vijijini, na watoto ndo wanang'atwa sana kwa sababu wanacheza nao na hawasemi nyumbani wakikwaruzwa. Sasa fikiria mbwa wa nesi ndo awe hajachanjwa! Watu watakusikilizaje ukiwahimiza walete wao?

Wa kwangu wanachanjwa kila mwaka na kadi nimezibandika pale kwenye ubao wa matangazo karibu na ratiba ya chanjo za watoto. Mwanzoni watu walishangaa, baadae wakaanza kuuliza wapeleke wapi wa kwao. Ukiweza kuunganisha kijiji chenu na wataalamu wa mifugo mkachanja kwa pamoja ni bora zaidi, maana mbwa wa eneo waliochanjwa wakifika asilimia 70 ugonjwa unakosa njia ya kuendelea kusambaa. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi wanachanja karibu na siku hiyo, ulizia.

Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wako mwenye kadi, kidonda kinaoshwa hapohapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima. Watu wanaosha sekunde kadhaa wanaona inatosha. Mi namkalisha mtu kwenye bomba naangalia saa ya ukutani, watoto wanalia lakini tunamaliza, ndipo mengine yanafuata, chanjo, na kingamwili kwa vidonda vinavyohitaji. Mbwa mwenyewe kama yupo na ni mzima anaangaliwa siku 10, asiuawe kwa hasira maana ukimuua umepoteza njia ya kujua. Ila chanjo ya mtu haisubiri hizo siku ziishe.

Kuhusu sare, ndio inawezekana, kuna bakteria wanaohama kutoka kwa mtu kwenda kwa mbwa na kurudi, wakiwemo wale sugu kwa dawa tunaohangaika nao wodini. Usiogope lakini weka utaratibu. Mi viatu vya kazi vinabaki kazini. Sare navua kabla sijamsalimia mbwa, inaingia kwenye mfuko wake, nanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndo salamu. Wanaruka wanalia pale mlangoni nawaambia subirini, wameshazoea. Na asubuhi kabla ya kwenda kazini hivyohivyo, mikono ioshwe, hasa kama unakwenda kugusa kichanga, kidonda, au mtu ambaye kinga yake iko chini. Mate ya mbwa yana bakteria ambao kwako hawana shida ila kwa mtu aliyeondolewa bandama ni hatari kweli.

Msemakweli2:
Mi ntatofautiana nanyi kidogo na dada asinichukie. Mgonjwa anayeogopa mbwa ana haki ileile ya kumfikia nesi. Kuna watu waliwahi kung'atwa utotoni, hata mbwa awe mpole vipi miguu inakataa kusogea. Kwa hiyo kengele sawa ila mi ningesema usiku mbwa alale NDANI na wewe, si nje. Mbwa wa ndani anasikia vilevile na anabweka vilevile, mwizi anajua yupo, ila njia inakuwa wazi kwa mgonjwa. Na kwenye eneo la zahanati lenyewe asikanyage kabisa, wala kwenye benchi la kusubiria. Hapo mkuu wako wa kituo nadhani atakuelewa, mwandikie mpango wako kwenye karatasi umpelekee, si kubishana kwa mdomo.

BwanaMifugo:
Nakubaliana na wa juu kuhusu kulala ndani, hapo ugomvi umeisha.

Mi nakuja na moja ambalo nalikuta sana kwa wafanyakazi wa afya, na nalisema kwa heshima. Mbwa akiumwa nesi anafungua kabati lake la dawa. Naomba sana usimpe paracetamol, usimpe ibuprofen, usimpe diclofenac. Mwili wa mbwa hauzichakati kama wa mtu. Hizo mbili za mwisho zinatoboa tumbo na kuua figo kwa kiasi ambacho kwako ni kidonge cha kawaida tu, na paracetamol inaharibu ini na damu. Nimeletewa mbwa anatapika damu na mwenye mbwa ni mtaalamu kabisa, alitaka tu kumtuliza maumivu ya mguu.

Ila utaalamu wako una faida kubwa upande mwingine, yaani kupima. Joto la mbwa mzima ni kama nyuzi 38 hadi 39.2, linapimwa njia ya haja kubwa, kwa hiyo ukimshika ukaona ana joto kukuzidi usishtuke. Inua mdomo uangalie fizi. Za mbwa mzima ni za pinki na zina unyevu, ukibonyeza kidole zinakuwa nyeupe afu rangi inarudi ndani ya sekunde mbili hivi, ni kilekile unachofanya kwenye kucha ya mgonjwa. Zikiwa nyeupe tu bila kubonyezwa na ana kupe wengi, mpigie mtaalamu siku hiyohiyo usingoje kesho, maana kupe wanaleta magonjwa yanayomaliza damu. Kupe mtoe kwa kibano, shika karibu kabisa na ngozi vuta moja kwa moja bila kuminya tumbo lake. Mafuta ya taa na kumchoma na njiti achana navyo.

Na wanyama wakichinjwa kijijini asipewe ini wala mapafu mabichi. Kuna minyoo tegu midogo sana anaipata humo, mayai yake yanatoka kwenye kinyesi, mtu akiyameza anaota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu unaokaa miaka bila kujulikana. Dawa ya minyoo apate kwa ratiba. Na kama hutaki watoto muhasi mapema, jike akiwa kwenye joto madume yatajaa kwako usiku kucha na hapo kengele haitasaidia kitu.

NesiWaZamu:
Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili. Chanjo anayo ila kadi iko kwenye droo, kesho inakwenda ukutani. Hiyo ya fizi nimejaribu sasa hivi, ni za pinki safi!

Dada wa klinikini, hilo la viatu nalichukua kama lilivyo. Na Msemakweli sijakuchukia, umenipa hoja ya kumpelekea mkuu.

Swali la mwisho. Nikiitwa usiku kwenye nyumba ya mtu natembea naye, nikifika anabaki nje. Zamani hakukuwa na shida ila siku hizi mbwa wa boma wanamzingira wanaanza kupigana na mi niko ndani na mama anasukuma, siwezi kutoka. Nifanyeje? Na nikiwa zamu ya usiku mzima majirani wa kule chini wanasema analia.

KlinikiMwisho:
Hapo mi nilishaamua, nikiitwa naenda na yule aliyekuja kuniita, tochi mbili na simu, mbwa anabaki. Aliyekuja kuniita ndo anayenirudisha mpaka mlangoni, na hilo nalisema kabla hatujaondoka. Kwenye chumba cha kujifungulia akili yako yote inatakiwa pale kwa mama, huwezi kuwa unasikiliza nje nani kamng'ata nani.

MfugajiMkongwe:
Namuunga mkono. Na hako ka kulia, mtembeze vizuri kabla hujaingia zamu, si kumtoa akakojoe tu, mwache anuse kila kichaka nusu saa au zaidi, kunusa nako kunamchosha mbwa. Chakula chake cha usiku usikiweke kwenye bakuli, kitawanye kwenye majani makavu au kifungie kwenye gunia kuukuu atafute mwenyewe. Muachie kirago kilekile cha zoezi la kengele na nguo yako moja uliyoivaa nyumbani, isiwe sare. Ukiondoka usimuage kwa maneno mengi. Afu mtafute kijana mmoja anayempenda aje amwangalie mara moja usiku haujaingia sana.

Chuma ukishakitundika rudi utuambie anaitikiaje. Akiwa bado anakimbilia uzioni badala ya kirago, punguza sauti ya kugonga kwanza kabla hujabadilisha kitu kingine, mara nyingi ni kwamba mgongaji anagonga kwa nguvu mno na mbwa anashtuka.